Kurasa Tupu Zenye Bei

Katikati ya Aprili 2012, watu waliotegemea tovuti zao kwa riziki walikumbwa na jambo wasilolielewa. Kurasa zao, zilizozoea kukaa juu katika matokeo ya Google, ziliporomoka ghafla. Hakuna aliyekuwa amebadilisha kitu. Maandishi yalikuwa yale yale, seva zilikuwa hewani, na wageni waliojua anwani kwa kichwa waliendelea kufika. Waliokatika ni wale waliokuwa wakiletwa na Google, na kwa biashara nyingi hao ndio walio wengi.

Wengi walidhani wameadhibiwa, na walikuwa na sababu. Tangu Februari 2011 Google ilikuwa ikitumia Panda, badiliko kubwa la kanuni zake lililoshusha tovuti zenye maandishi hafifu, na baada yake marekebisho yalifuatana. Mwenye tovuti aliyejikuta chini aliamini amekutwa na kosa. Watu wakaanza kupekua kurasa zao moja baada ya nyingine wakilitafuta kosa hilo.

Jibu lilitoka tarehe 17 Aprili kwa Matt Cutts, mhandisi aliyeongoza kikosi cha Google cha kupambana na tovuti za hila, ambaye siku hizo ndiye aliyekuwa akizungumza na wenye tovuti kwa niaba ya kampuni. Alieleza kwamba Google ina kitambuzi cha domeni zilizoegeshwa, yaani programu inayoamua kama jina fulani la mtandaoni lina tovuti ya kweli au limeshikiliwa tu. Kitambuzi hicho kilikuwa kikisoma mafaili mawili hivi ambayo, kwa hitilafu, hayakuwa na kitu ndani. Matokeo yake kikazihesabu baadhi ya tovuti hai kuwa domeni zilizoegeshwa. Cutts aliomba radhi na kusema tatizo limeshatatuliwa.

Maelezo hayo yalikuwa ya sentensi chache, lakini uzito wake ni mkubwa. Tovuti zile hazikuwa zimepimwa na kuonekana mbovu. Zilihesabiwa kuwa hazipo. Ukurasa mbovu hushushwa nafasi na unaweza kupanda tena ukiboreshwa, lakini domeni iliyoegeshwa huondolewa mbele ya macho ya mtafutaji kwa sababu mashine imeamua kwamba nyuma ya jina hakuna mtu. Na uamuzi huo hufanywa kwa dalili za nje, bila kumuuliza mwenye jina.

Kuegesha domeni ni kazi nyepesi. Mtu analipia jina kwa msajili, kisha hajengi chochote. Anayeliandika jina hilo kwenye kivinjari anakuta ukurasa uliotengenezwa na msajili au na kampuni ya kuegesha: jina kwa herufi kubwa, orodha ya maneno yanayolihusu, pengine kisanduku cha kutafutia, na mara nyingi taarifa kwamba jina linauzwa. Akibofya neno mojawapo analetewa matangazo. Akibofya tangazo, mtangazaji anatozwa, na fedha hiyo inagawanywa kati ya kampuni inayosambaza matangazo, kampuni ya kuegesha na mwenye jina.

Nani huingia kwenye ukurasa usio na kitu? Watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wengi hawakuwa wamezoea kutafuta kwanza. Aliyetaka viatu aliandika neno la viatu, akaongeza .com, akasubiri kuona kitakachokuja. Wengine waliteleza herufi moja katika jina la benki au la gazeti. Wengine walifuata kiungo cha zamani kilichoelekea kwenye tovuti iliyokwishakufa. Ukimiliki jina moja la aina hiyo unapata senti chache kwa siku. Ukimiliki majina laki moja, una kampuni.

Biashara hiyo haingewezekana bila injini za utafutaji. Mwaka 1998 kampuni ya GoTo.com ya California ilianza kuuza nafasi katika matokeo ya utafutaji, mtangazaji akilipa kwa kila mbofyo. Mwaka 2001 ikabadili jina kuwa Overture, na mwaka 2003 Yahoo ikainunua kwa zaidi ya dola bilioni 1.6. Matangazo yale yale yaliyouzwa kwa ajili ya matokeo ya utafutaji yangeweza kubandikwa kwenye ukurasa mtupu, maana jina lenyewe lilikuwa neno la kutafutwa. Aprili mwaka huo huo wa 2003 Google nayo iliinunua Applied Semantics ya Santa Monica kwa takriban dola milioni 102. Kampuni hiyo inakumbukwa kwa teknolojia iliyoingia ndani ya AdSense, mfumo wa Google wa kuweka matangazo kwenye tovuti za watu. Kilichosahaulika ni kwamba ilikuwa pia na huduma ya kuweka matangazo kwenye domeni zilizoegeshwa, na huduma hiyo ikaingia Google pamoja nayo.

Hapa ndipo penye fundo la habari yote. Kampuni iliyojipa kazi ya kumtenganishia mtafutaji ngano na makapi ilikuwa sasa inapata mapato kutokana na kurasa zisizo na ngano hata chembe. Idara moja ilitaka kuziondoa kwenye matokeo, nyingine ilikuwa ikizilipa. Hali hiyo ilidumu miaka zaidi ya ishirini, na mengi yaliyotokea humo katikati hayaeleweki mtu asipolikumbuka jambo hili.

Fedha zilikuwa nyingi. Novemba 2004 kampuni ya Marchex ya Seattle ilitangaza kununua mali za Name Development, ambazo kiini chake kilikuwa majina zaidi ya 100,000, kwa dola milioni 164. Hapakuwa na kiwanda, wala ghala, wala bidhaa. Kilichonunuliwa ni mazoea ya watu ya kuandika maneno fulani kwenye kivinjari.

Afrika nayo iliguswa, tena kwa namna inayouma kidogo. Mwaka 2006 waliokosea na kuandika .cm badala ya .com walianza kutua kwenye ukurasa wa matangazo uitwao Agoga. Herufi .cm ni za Kamerun. Mfanyabiashara wa majina kutoka Vancouver, Kevin Ham, daktari kwa mafunzo, alikuwa amefikia makubaliano nchini humo ili kila jina la .cm ambalo halijasajiliwa lielekezwe kwenye ukurasa wake. Hakuhitaji kusajili majina milioni moja. Ilitosha kuweka rekodi moja kwenye seva kuu ya nchi, rekodi inayojibu kila ulizo kwa kusema jina hilo lipo. Matangazo yaliyotokea hapo yalitoka Yahoo. Kwa hiyo alama ya taifa zima kwenye mtandao, ambayo ingepaswa kutambulisha shule, magazeti na wizara za Kamerun, ikawa chambo cha kunasa vidole vilivyoruka herufi moja ya alfabeti.

Mbinu ya rekodi moja inayojibu kila kitu ilikuwa imeshajaribiwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Tarehe 15 Septemba 2003 VeriSign, kampuni inayoendesha .com na .net, iliwasha huduma iliyoitwa Site Finder. Kabla ya hapo, aliyeandika jina la .com lisilokuwepo aliambiwa halipo. Kuanzia siku hiyo alipelekwa kwenye ukurasa wa VeriSign wenye mapendekezo na viungo vya kulipiwa. Mafundi wa mtandao walikuja juu, na hawakukasirishwa na matangazo peke yake. Vichujio vingi vya barua taka vilikuwa vikikagua kama domeni ya mtumaji ipo. Sasa kila domeni ilikuwa ipo. Programu zilizotegemea jibu la kwamba jina halipo zilipotea njia. ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao, liliitaka VeriSign iache, na tarehe 4 Oktoba huduma hiyo ikazimwa. Ilikuwa imeishi chini ya wiki tatu.

Somo la kiufundi la Site Finder liliwagusa moja kwa moja wenye injini za utafutaji. Roboti inayozunguka mtandaoni kusoma kurasa inategemea kuambiwa ukweli kuhusu kilichopo na kisichokuwepo. Seva yenye adabu, ikiombwa ukurasa usiokuwepo, hujibu kwa namba 404. Seva ya domeni iliyoegeshwa kwa kawaida hujibu 200, yaani kila kitu kiko sawa, hata ukiiomba ukurasa wenye jina la kubuni. Andika baada ya jina neno lolote linalokujia, utapewa ukurasa ule ule wa matangazo. Kwa roboti isiyo makini, jina moja la aina hiyo lina kurasa zisizo na mwisho. Wahandisi walilazimika kufundisha mashine zao kutilia shaka namba 200 na kusoma kilichomo ndani yake.

Kisha zikaja siku za majina ya kuonja. Kanuni za .com zilimruhusu msajili kufuta jina ndani ya siku tano na kurudishiwa fedha, kwa lengo la kusahihisha makosa ya tahajia wakati wa kusajili. Wajanja wakaona nafasi. Walisajili majina kwa mamilioni, wakayaegesha siku tano, wakapima ni yapi yanaleta mibofyo, wakabaki na machache na kuyarudisha mengine bila kulipa senti. Mwezi baada ya mwezi mtandao ukajaa majina yaliyoishi siku chache na kufa. Januari 2008 Google ilisema haitalipia matangazo kwenye majina yaliyo ndani ya siku hizo tano. ICANN nayo ikaanza kutoza senti 20 za dola kwa kila jina lililofutwa kupita kiwango. Kati ya Juni 2008 na Aprili 2009 ufutaji wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 99.7. Ni nadra katika historia ya mtandao kwa ada ndogo hivyo kuchangia kazi kubwa hivyo, na inaonyesha wazi kwamba tabia ile iliishi kwa sababu ilikuwa ya bure.

Hata hivyo Google haikuwa imeachana na kurasa tupu. Desemba 2008 iliifungua huduma yake ya matangazo ya domeni kwa watu wa kawaida wa Amerika Kaskazini, si makampuni makubwa peke yake. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2011, upande wa utafutaji wa kampuni hiyo hiyo ulitangaza kitambuzi kipya cha domeni zilizoegeshwa, ukisema kurasa hizo ni nadra kumfaa mtafutaji na kwamba mara nyingi ungependa zisionekane. Miezi minne baada ya hapo yakatokea yale ya mafaili matupu. Na ndani ya mwaka huo huo wa 2012 huduma ya kuegesha ya watu wa kawaida ikafungwa, yakabaki makampuni makubwa ya kuegesha yenye mikataba yao.

Kitambuzi cha namna hii huangalia nini? Google haitangazi kanuni zake, kwa sababu iliyo wazi, lakini dalili zenyewe hazina siri. Mwaka 2006 watafiti wa Microsoft, katika mradi uliojulikana kama Strider, waliyachukua majina ya tovuti maarufu, wakayakosea kwa makusudi kwa njia zote ambazo kidole kinaweza kukosea, kisha wakaangalia majina hayo mabovu yanaelekea wapi. Mengi yaliishia kwa makampuni machache tu ya kuegesha. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza na yenye nguvu. Kila domeni hutaja seva za majina zinazoihudumia, na domeni ikitaja seva za makampuni ya kuegesha kama Sedo au Bodis, imeshajieleza nusu kabla hata ukurasa haujafunguliwa.

Mapema mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven cha Ubelgiji na Stony Brook cha New York walichapisha uchunguzi wa domeni zaidi ya milioni nane zilizoegeshwa, wakaunda kitambuzi chao wenyewe. Walipima maandishi ya ukurasa dhidi ya viungo vyake, matangazo yanayotoka nje dhidi ya kilichoandikwa na mwenye ukurasa, kama anwani za kubuni zinaleta ukurasa ule ule, na kama mgeni anarukishwa kwingine kabla hajasoma. Kitambuzi chao kilizinasa karibu domeni 98 katika kila 100 zilizoegeshwa, na kilikosea kwa tovuti tano hivi katika kila 1,000 zisizoegeshwa. Kwa kazi ya kitaaluma hayo ni matokeo mazuri sana. Lakini majina yaliyosajiliwa duniani yamepita milioni 350, na kama yote yangekuwa na tovuti hai, nusu ya asilimia moja ya milioni 350 ni 1,750,000. Mashine nzuri kabisa, ikipita juu ya mtandao mzima, inaweza kuacha nyuma yake umati wa watu waliosomwa vibaya.

Ndiyo maana kosa la Aprili 2012 linastahili kukumbukwa. Wenye tovuti zile walikuwa na bahati ya aina fulani: walikuwa wengi kwa wakati mmoja, wakapiga kelele pamoja, wakasikika. Mtu mmoja mwenye tovuti ya ukurasa mmoja, aliyeandika simu yake na mistari mitatu juu ya kazi yake, hana kundi la kulalamika nalo.

Sheria, ikilinganishwa na mashine, ilichukua njia tofauti. Tangu 1999 migogoro ya majina ya .com huamuliwa kwa utaratibu wa ICANN, na Februari 2000 mwamuzi katika shauri la kampuni ya simu ya Australia, Telstra, aliulizwa kama mtu aliyesajili telstra.org na kukaa kimya bila kulitumia anaweza kuhesabiwa kuwa na nia mbaya. Alijibu kwamba anaweza, kutegemea mazingira: umaarufu wa jina, kujificha kwa aliyelisajili, kukosekana kwa matumizi yoyote halali yanayoweza kufikirika. Uamuzi huo umetajwa mara nyingi sana katika mashauri yaliyofuata. Mwamuzi alitafuta nia. Injini ya utafutaji haina muda wa kutafuta nia, inatazama ukurasa. Kwayo, aliyeshikilia jina la mwenzake kwa hila na fundi wa Mwanza aliyelipia jina lake halali akisubiri kupata fedha za kujenga tovuti wanafanana, kwa kuwa kurasa zao zinafanana.

Huyo fundi ni mfano tu, lakini hali yake ni ya wengi. Kote Afrika Mashariki, anayenunua jina la .tz au .ke au .com mara nyingi hulinunua kabla ya tovuti, kwa hofu ya kuwahiwa. Jina linakaa kwa msajili, na msajili analiwekea ukurasa wake wa kawaida, wenye nembo yake na matangazo ya huduma zake. Miezi inapita. Roboti ya Google inapita, inakuta ukurasa ulio sawasawa na kurasa nyingine maelfu, na inaondoka. Hakuna adhabu iliyotolewa, ila jina halina historia yoyote nzuri ya kuanzia. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: hata kabla ya tovuti kukamilika, weka ukurasa wa maneno yako mwenyewe. Aya mbili zinazosema wewe ni nani, uko mtaa gani, unafanya kazi gani na unapatikanaje. Ukurasa huo hauko popote pengine mtandaoni, na hilo tu linautenga na kurasa za kuegesha. Na jina likiulizwa ukurasa usiokuwepo, lijibu 404 kwa uaminifu.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, pale tovuti iliyo hai inapoteleza na kuegeshwa bila mwenyewe kujua. Jina la .com lisipolipiwa halifi siku hiyo hiyo. Msajili anatakiwa kumkumbusha mwenye jina yapata mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, kisha wiki moja kabla, na tena baada ya muda kupita. Kabla ya kulifuta, anatakiwa kuikata njia ya jina kuelekea kwenye tovuti kwa siku zisizopungua nane, ili mwenyewe ashtuke. Likishafutwa kuna siku 30 za kulikomboa, kwa ada kubwa zaidi, na siku tano za mwisho ambazo hakuna anayeweza kuligusa. Katika kipindi cha kati ya muda kwisha na jina kufutwa, msajili mara nyingi huliegesha. Mwanachama wa SACCOS anaingia kutafuta fomu ya mkopo, anakuta matangazo. Roboti nayo inakuta matangazo. Barua za ukumbusho zote zilikwenda kwenye anwani ya kijana aliyetengeneza tovuti, ambaye aliacha kazi zamani. Taasisi isipohakikisha kwamba barua pepe iliyo kwa msajili ni ya taasisi yenyewe, inayaweka miaka ya kazi yake mikononi mwa mtu mmoja.

Zikishapita siku tano za mwisho, jina linakuwa huru, na hapo wawindaji wanasubiri. Wanachokitaka ni viungo. Shule iliyokuwa ikitajwa na wizara, magazeti na wazazi kwa miaka kumi imejikusanyia imani mbele ya injini za utafutaji, na imani hiyo imefungwa kwenye jina. Mwindaji analinunua, anaweka humo matangazo ya kamari, na kwa muda fulani kurasa zake zinapanda kwa heshima ya marehemu. Mwaka 2024 ulianza na mfano uliozungumzwa sana: The Hairpin, jarida la mtandaoni la wanawake wa Marekani lililoanzishwa 2010 na kufungwa 2018, lilionekana limefufuka. Jina lilikuwa limenunuliwa na mtu wa mbali, na ndani yake kumejazwa makala zilizoandikwa na mashine. Waandishi waliolijenga jarida lile hawakuwa na la kufanya.

Tarehe 5 Machi 2024 Google ilitangaza kuyahesabu matumizi mabaya ya domeni zilizokwisha muda kuwa ni ulaghai unaostahili adhabu. Mifano iliyotoa ni ya kuhuzunisha kwa jinsi ilivyo ya kawaida: maudhui ya kasino kwenye tovuti iliyokuwa ya shule ya msingi, bidhaa za matibabu zikiuzwa kwenye jina lililokuwa la shirika la hisani la afya. Anayenunua jina la zamani ili kujenga kitu chake cha kweli hana hatia. Anayelinunua ili kuvaa sifa za aliyetangulia ndiye anayelengwa. Kwa hiyo anayenunua jina lililokwisha kutumika ni vizuri alichunguze kwanza kwenye hifadhi ya Wayback Machine, aone lilikuwa nini, na akishalinunua aangalie katika Search Console ya Google kama lina adhabu iliyorithiwa.

Kuna nchi nne za Afrika ambazo jambo hili lote liliziangukia kwa pamoja. Kampuni ya Freenom ya Uholanzi, iliyoanza na .tk ya visiwa vya Tokelau, ilikuja kuendesha pia .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta. Majina yalitolewa bure. Jina likiisha muda, au likifungwa, lilirudi kwa kampuni na kubeba matangazo. Wanafunzi na watengenezaji tovuti wasio na kadi ya benki walinufaika, na hilo lisisahauliwe. Lakini bure iliwavuta walaghai zaidi, na vichujio vya barua taka vikajifunza kuzishuku herufi hizo zenyewe. Mfanyabiashara mwaminifu wa Bamako au Libreville alirithi sifa mbaya ambayo hakuitengeneza. Mapema 2023 Freenom, iliyoshtakiwa na Meta, ilisimamisha usajili mpya, na Juni mwaka huo Gabon ikairudisha .ga mikononi mwake, mamilioni ya majina yasiyo na wenyewe wanaojulikana yakafutwa. Februari 2024 Freenom ilitangaza kwamba inaacha biashara ya domeni.

Upande wa fedha, mabadiliko makubwa yalikuja Machi 2025, Google ilipoziondoa akaunti za watangazaji wake kwenye domeni zilizoegeshwa kama mpangilio wa kawaida. Team Internet, kampuni iliyo kwenye soko la hisa la London na yenye sehemu kubwa ya biashara ya kuegesha, iliwaeleza wawekezaji wake kwamba mapato ya upande huo yatashuka. Tangu hapo, mtangazaji aliyetaka tangazo lake litokee kwenye ukurasa mtupu ilimbidi aingie mwenyewe katika mipangilio ya akaunti yake na kuiruhusu.